Majani Yaliyopauka Kwenye Mchanga Safi: Kisa cha Tangi la Lita 112

Tangi hili la kioo, la kufugia samaki na kukuzia mimea ya majini, lina urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40. Chini limetandikwa mchanga mweupe wa silika, sentimita 10 upande wa nyuma na 8 mbele. Filta ni ya nje, hita imewekwa nyuzi 25 za Selsiasi, taa ni ya LED ya nguvu ya wastani, na hakuna mtungi wa kaboni dayoksaidi. Ndani wamo samaki wadogo kumi na wawili wa kuogelea katikati na Corydoras sita wa chini. Mimea yote ilipandwa siku moja: Echinodorus mbili kubwa, mstari wa Vallisneria kwenye kioo cha nyuma, Cryptocoryne wendtii nne katikati, Anubias nana tatu mbele, na fungu la Hygrophila polysperma kwenye kona ya kulia.

Wiki sita za kwanza tangi lilipendeza. Echinodorus zilitoa majani mapya, Hygrophila ikafika juu ya maji. Kufikia mwezi wa nne mambo yalikuwa yamegeuka. Majani mapya ya Echinodorus yalitoka membamba na ya manjano hafifu, mishipa yake tu ikibaki ya kijani. Majani ya zamani ya mimea hiyo hiyo yalikuwa na vitundu vyenye ukingo wa njano. Anubias mbili zilidondosha majani yakiwa mabichi kabisa: unagusa jani la kijani lisilo na doa, linachomoka. Cryptocoryne zilikuwa zimeyeyuka tangu wiki ya pili, na mbili kati yake zikang'olewa na kutupwa. Hygrophila ilikuwa na vichwa vizuri juu na mashina matupu chini, mengine yakikatika usawa wa mchanga na kuelea. Vallisneria ndiyo pekee iliyotambaa na kuzaa miche, lakini ncha za majani yake zilikuwa zimelainika na kuwa kama jeli. Mwani wa nyuzi ulikuwa kila mahali, Anubias zimeota vishungi vyeusi vya mwani, na mchanga ukiutazama kupitia kioo una madoa meusi.

Vipimo vya maji vilikuwa hivi: nitrati miligramu 5 kwa lita, fosfati 1, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.4, ugumu wa jumla (wingi wa kalsiamu na magnesiamu) nyuzi 4, ugumu wa kaboneti (wingi wa bikaboneti) nyuzi 3. Chuma hakikuonekana kabisa kwenye kipimo.

Mwenye tangi alikuwa amekwisha kuchukua hatua tatu. Aliongeza saa za taa kutoka 7 hadi 11 akiamini mimea imekosa mwanga. Alitia "kaboni ya maji" (dawa ya majimaji inayouzwa kuwa chanzo cha kaboni kwa mimea) mara mbili ya kipimo cha kwenye chupa. Kisha akaamua kwamba mchanga haufai, na kwamba lazima tangi livunjwe ili uwekwe udongo maalumu wa mimea. Hatua ya kwanza na ya pili ziliongeza tatizo. Ya tatu ingemgharimu kazi kubwa na kuacha nusu ya matatizo palepale.

Jambo la kuelewa mapema ni kwamba hapa hapakuwa na ugonjwa mmoja. Palikuwa na makosa manne au matano yaliyotokea kuonekana kwa wakati mmoja, na kila mmea ulikuwa unasema lake.

Kwa nini wiki sita za kwanza hudanganya

Mimea inayouzwa kwa ajili ya matangi mara nyingi hukuzwa na wazalishaji huku majani yakiwa nje ya maji, mizizi tu ndiyo iliyolowa. Huko hupata kaboni dayoksaidi ya hewani bila kikomo na mbolea ya kutosha, na hujiwekea akiba. Mmea ukiingia tangini hutumia akiba hiyo kujenga majani mapya ya kuishi majini, na majani ya zamani huoza polepole. Echinodorus kubwa inaweza kukaa wiki nyingi kwa akiba tu. Kwa hiyo mchanga mtupu huonekana unatosha, mpaka akiba inapokwisha.

Mchanga wa silika ni vipande vya jiwe gumu. Haumwachii mmea kitu, na la muhimu zaidi, haushiki kitu. Chembe za udongo wa mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, na chaji hiyo hunasa amoniamu, potasiamu, magnesiamu na chuma, kisha mizizi hujichukulia kidogo kidogo. Chembe ya silika haina uwezo huo wa maana. Ukiweka mbolea ndani yake, sehemu isiyonyonywa na mizizi ya karibu itapanda na maji na kupotea. Mchanga ni sahani, na hakuna anayelaumu sahani kwa kuwa tupu. Lakini anayepakua lazima ajue kwamba sahani haina akiba.

Hiyo ndiyo sababu Vallisneria ilistawi wakati Echinodorus inakufa njaa. Vallisneria huchota kupitia majani na mizizi, na tena ina uwezo wa kutumia bikaboneti iliyomo kwenye maji kama chanzo cha kaboni, jambo ambalo mimea mingi ya tangini haiwezi. Kiasili huota kwenye vitanda vya mchanga katika maziwa, yakiwemo Tanganyika na Nyasa. Mtu akiutazama mmea huu peke yake atasema mchanga ni mzuri. Akiitazama Echinodorus peke yake atasema mchanga ni mbaya.

Kusoma majani

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Virutubisho viko vya aina mbili kwa namna vinavyotembea ndani ya mmea. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama: mmea ukipungukiwa, huvitoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea majani machanga. Kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza chini, kwenye majani makongwe. Chuma, kalsiamu na manganizi hazihami kirahisi. Zikishaingia kwenye jani zimekaa, na upungufu wake huonekana kwenye jani linalozaliwa leo.

Tukirudi kwenye Echinodorus: majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani ni chuma. Matundu yenye ukingo wa njano kwenye majani makongwe ni potasiamu. Ni upungufu wa namna mbili kwenye mmea mmoja, na kutibu mmoja tu kungeleta nafuu ya nusu. Magnesiamu nayo hufanya jani kuwa la njano katikati ya mishipa, na hapa wengi huichanganya na chuma, lakini yenyewe huanzia kwenye majani ya zamani. Majani ya zamani ya tangi hili yalikuwa ya kijani kuzunguka matundu, kwa hiyo magnesiamu ikaondolewa kwenye orodha.

Matundu pia huweza kuwa ya konokono au samaki anayetafuna. Tofauti huonekana ukichukua jani na kulitazama dhidi ya mwanga: tundu la kutafunwa lina ukingo safi wa kijani, tundu la njaa lina pete ya njano au kahawia, na kando yake utaona vidoa vingine vinavyojiandaa kuwa matundu. Hapa pete zilikuwepo.

Nitrati ya miligramu 5 si sifuri, ila kwa mimea mingi namna hii ni ya kuponea tu. Fosfati ilitosha, maana chakula cha samaki huleta fosfati nyingi. Potasiamu ndiyo ambayo chakula cha samaki huleta kidogo mno kwa mahitaji ya mimea, na maji laini ya bomba huwa nayo haba, ndiyo maana ni miongoni mwa virutubisho vya kwanza kupungua kwenye tangi la mchanga.

Anubias ni habari nyingine kabisa. Yenyewe haikuwa na njaa. Jani la kijani linalochomoka zima linaelekeza kwenye shina, na Anubias ina shina nene linalolala ambalo halitakiwi kufukiwa. Mizizi inaweza kuingia mchangani, shina hapana. Tatu zote zilikuwa zimezikwa sentimita mbili chini. Ukifukua unakuta shina limelainika, ndani lina rangi ya kahawia na harufu mbaya. Mbolea yoyote isingeokoa hapo. Kosa hili huwapata pia wanaopanda Microsorum pteropus, jimbi la majini.

Cryptocoryne hazikuwa na shida ya mchanga wala mbolea. Mimea hii hupukutisha majani yote inapohamishwa kutoka maji fulani kwenda mengine au mwanga unapobadilika ghafla. Majani huyeyuka, mizizi hubaki hai, na kwa kawaida majani mapya hutokeza baada ya wiki kadhaa. Zile mbili zilizotupwa zilikuwa hai.

Hygrophila ilipandwa ikiwa bado imefungwa na pete ya sponji na kipande cha madini ya risasi, mashina saba pamoja. Katikati ya fungu mwanga haufiki wala maji hayapiti. Majani ya chini hufa, mashina hubanwa na kuoza usawa wa mchanga. Pete hiyo ni ya dukani, ya kushikilia bidhaa isielee, haikusudiwi kupandwa.

Na ncha za Vallisneria? Dawa nyingi zinazouzwa kama kaboni ya maji zina glutaraldehaidi, kemikali ileile ya kuulia vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Kwa kipimo kidogo huua mwani. Vallisneria ni miongoni mwa mimea isiyoivumilia, na kipimo maradufu kilikuwa kinaichoma kuanzia nchani. Mmea pekee uliokuwa na afya ulikuwa unatiwa sumu.

Madoa meusi

Mchanga ulipochotwa kidogo na kutazamwa, chembe zilikuwa za saizi mbili: nusu karibu milimita 0.8, nusu chini ya 0.3. Mifuko miwili tofauti ilichanganywa. Chembe ndogo huteremka na kujaza nafasi kati ya kubwa, na kitanda kizima hushikamana. Kwa kina cha sentimita 10, maji ya chini hayabadilishwi, oksijeni huisha, na bakteria wanaotumia salfeti huanza kutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai bovu. Ikikutana na chuma hufanya salfaidi ya chuma, ambayo ndiyo weusi unaoonekana.

Weusi peke yake hauna madhara, wala mchanga usio na oksijeni nyingi si adui wa mimea. Chuma chenye oksijeni huwa kutu isiyoyeyuka. Pale oksijeni inapopungua hurudi kwenye hali ya kuyeyuka ambayo mizizi inaweza kuinyonya. Tena mizizi ya mimea ya majini hupitisha oksijeni kutoka majanini na kuivujisha ikipenya, ndiyo maana mchanga unaozunguka mizizi ya Vallisneria ulikuwa wa rangi yake ya kawaida huku sentimita kumi pembeni ukiwa mweusi. Kinachotakiwa kuangaliwa ni harufu. Choma kwa kijiti: viputo visivyo na harufu mara nyingi ni nitrojeni au metani, achana navyo. Yai bovu likinuka, hapo pana kazi. Kwenye tangi hili lilinuka nyuma kulia, chini ya Hygrophila iliyooza, na mizizi ya Echinodorus iliyofika huko ilikuwa nyeusi na laini nchani.

Mstari wa kijani unaoonekana pale mchanga unapogusana na kioo huwatisha watu bure. Ni mwani na bakteria wa kijani-buluu wanaopata mwanga wa kupitia kioo. Ziba kwa karatasi nyeusi upande wa nje kwa wiki mbili na utapotea.

Kabla ya kuamua lolote, mchanga ulijaribiwa kwa siki: kijiko kimoja cha mchanga mkavu, siki juu yake, tazama kwa dakika tano. Haukutoa povu. Ungetoa, ungekuwa na chokaa au vipande vya kombe na ungekuwa unapandisha ugumu na pH siku zote, na hapo kuubadilisha kungekuwa na maana.

Kwa nini mchanga haukubadilishwa

Udongo maalumu wa mimea hufanya kazi nzuri, hilo halina ubishi. Lakini Anubias zingeoza ndani yake vilevile, Hygrophila ingekatika vilevile, na udongo wenye mbolea nyingi ungeachia amonia wiki za mwanzo huku samaki wakiwa hawana pa kwenda. Corydoras nao hula kwa kuchota mchanga na kuupitisha kwenye matamvua. Chembe laini na za mviringo ndizo zinazowafaa. Njia ya kati, udongo sentimita 2 chini na mchanga sentimita 3 juu, inafaa sana kwa tangi jipya. Kwa tangi linaloishi, maana yake ni kuanza upya. Na anayependa kung'oa na kupanga upya kila mwezi asiitumie, kwa sababu kila mmea mkubwa unapong'olewa unapandisha udongo juu.

Kilichofanyika

Kwanza taa. Saa 11 zikashushwa hadi 6, na kaboni ya maji ikasimamishwa siku hiyohiyo. Mwanga huamuru mmea ukue. Mmea ukikosa chakula cha kuutii, mwanga uliobaki huliwa na mwani. Baada ya wiki tatu taa ikaongezwa hadi saa 7, na hapo ikaachwa.

Pili mchanga, ambao ulitaka subira. Tangi liligawanywa mafungu matatu na kila wiki likapunguzwa fungu moja, kuanzia lile lisilo na harufu. Maji yalibadilishwa kwanza asilimia 30 ili kupunguza uchafu, jiwe la hewa likawekwa, kisha mchanga ukanyonywa kwa mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 moja kwa moja hadi ndoo. Ncha ya mpira huwekwa juu ya mchanga kwa pembe, na dole gumba upande wa pili hubana pale unapotaka kusimamisha. Lengo lilikuwa sentimita 6.5 nyuma na 4.5 mbele. Kwa eneo la sentimita za mraba 2,800, kushusha wastani kutoka 9 hadi karibu 5.5 ni kutoa lita 10 hivi za mchanga, yaani takriban kilo 15 ukiwa mkavu. Wiki ya tatu, kwenye fungu la harufu, samaki walihamishiwa ndoo yenye maji ya tangi na jiwe la hewa kwa saa mbili, na asilimia 50 ya maji ikabadilishwa kabla hawajarudishwa. Haidrojeni salfaidi huharibika haraka ikikutana na maji yenye oksijeni, lakini mfuko mkubwa ukipasuliwa kwa mkupuo unaweza kuua samaki kabla haijafika huko. Usikoroge kitanda kizito chenye harufu siku moja.

Kunyonya kutoka juu kuna faida ya ziada: chembe laini huondoka kwa wingi kuliko nzito. Kilichobaki kilikuwa na hewa zaidi.

Anubias zilikatwa kwa wembe, kipande kwa kipande, mpaka shina lilipoonekana gumu na la rangi ya krimu isiyo na kahawia. Moja haikubakiza sehemu nzima. Mbili zilizopona zilifungwa juu ya mawe kwa uzi wa pamba. Gundi ya sianoakrilati (supagluu) ya aina ya jeli nayo inafaa na hukauka hata kwenye unyevu. Zikawekwa kwenye kivuli cha Echinodorus, kwa sababu vishungi vyeusi hupenda jani linalokua polepole kwenye mwanga mkali.

Hygrophila ilikatwa vichwa vya sentimita 15, ya chini ikatupwa. Kila kichwa kilitolewa majani ya vifundo viwili vya chini, kisha kikapandwa peke yake, umbali wa sentimita 3 hadi 4 kutoka kwa jirani. Mchanga una tabia ya kuachia shina jepesi lielee. Dawa yake ni kibano kirefu: shika shina karibu na ncha ya chini, lisukume kwa pembe ya nyuzi 45 hadi sentimita 4 au 5, fungua kibano kidogo tu, kisha kivute taratibu kikifuata njia ileile. Ukikifungua sana unachimba shimo na shina linatoka nacho. Kwa mimea ya mizizi, punguza mizizi ibaki sentimita 5 hivi, uzike kupita kiasi, halafu uvute juu mpaka moyo wa mmea (mahali majani yanapochipukia) uonekane wote. Moyo wa Vallisneria ukibaki chini ya mchanga huoza ndani ya siku chache.

Cryptocoryne mbili zilizobaki ziliachwa bila kuguswa. Ndiyo tiba yake.

Chakula

Kipimo cha lita 112 ni cha kioo kitupu, na anayepima mbolea kwa namba hiyo huzidisha. Maji yalijaa hadi sentimita 37. Toa wastani wa mchanga 5.5, kisha ongeza maji yaliyomo kati ya chembe, na hesabu inakuja lita 90 na ushei. Ndiyo iliyotumika.

Vidonge vya mizizi (vidonge vya mbolea vya kufukia mchangani) vilikwenda hivi: Echinodorus vitatu kila moja, vikizunguka sentimita 6 kutoka moyoni, Cryptocoryne kimoja kila moja, Vallisneria kimoja kila sentimita 15 za mstari. Kina ni sentimita 4 hadi 5, karibu na sakafu ya tangi. Kidonge kikiachwa sentimita 1 chini, kwenye mchanga usioshika kitu, chakula chake hupanda na kulisha mwani. Tumia kibano, sukuma hadi kigonge kioo, ukifukie kwa kidole. Wanaojaza kapsuli zao wenyewe kwa mbolea ya chembe inayoachia polepole wazingatie mambo mawili: kapsuli ya namba 00 huchukua karibu mililita 0.9 na hiyo ni nyingi kwa mmea mdogo. Na hewa iliyobaki ndani huifanya ielee, kwa hiyo jazia mchanga na itoboe kwa sindano. Mbolea ya namna hiyo huwa na amoniamu. Kapsuli ikipanda juu na kupasuka majini, samaki ndio watakaolipa. Mbolea ya bustani ya kawaida ya urea isitumike kabisa.

Kwa maji, ilitengenezwa chupa ya mililita 500: gramu 30 za nitrati ya potasiamu na gramu 15 za salfeti ya potasiamu, zikayeyushwa kwenye maji yaliyochujwa. Mililita 10 kwenye lita 90 hupandisha nitrati kwa miligramu 4 kwa lita, na potasiamu kwa miligramu 4 pia. Ilitiwa mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, na maji yakibadilishwa asilimia 40 kila Jumapili. Fosfati haikuongezwa kwa kuwa samaki walikuwa wanaileta.

Chuma kilikwenda kwenye chupa yake, pamoja na madini mengine ya kiasi kidogo, kikilengwa miligramu 0.1 kwa lita kila kinapotiwa, siku iliyofuata baada ya potasiamu. Aina ya chuma ina maana kuliko kiasi. Chuma kilichofungwa kwa EDTA (kemikali inayokishikilia kisigeuke kutu) huanza kuachana na kifungo chake pH inapopita 6.5 hivi, na kwenye maji ya 7.4 huwa kutu kabla mmea haujakigusa. Cha DTPA, kifungo cha aina nyingine, huvumilia hadi karibu 7.5. Mwenye tangi alikuwa na chupa ya EDTA kabatini na akashangaa kwa nini haikusaidia alipoijaribu. Na yeyote mwenye fosfati ya chupa asiichanganye na chuma kwenye chombo kimoja. Hushikana, hutuama kama unga chini, na vyote viwili vinapotea.

Kilichotokea

Wiki ya pili mwani wa nyuzi uliacha kusonga mbele, na mwingi ukatolewa kwa mkono kwa kuuzungusha kwenye kijiti chenye ncha ya kukwaruza. Wiki ya tatu Cryptocoryne zote mbili zilitoa majani, madogo na ya kahawia-nyekundu. Vallisneria ilikatwa ncha zilizooza na haikuharibika tena.

Echinodorus ilimtia mwenye tangi wasiwasi kuliko yote, kwa sababu majani ya zamani yaliendelea kutoboka. Jani lililotoboka halizibiki. Linalohukumiwa ni jani jipya, na jani jipya la kwanza lenye kijani kamili lilifunguka wiki ya tano kwenye mmea mmoja, ya sita kwenye mwingine. Majani mabovu yaliondolewa kwa awamu, mawili kwa wiki, yakikatwa kwenye kikonyo karibu na moyo. Kuyanyoa yote siku moja ni kuuondolea mmea potasiamu iliyobaki ndani yake.

Wiki ya nane nitrati ilisimama kwenye 12, na mchanga wa kona ya kulia ulikuwa umepungua weusi bila kuguswa tena. Konokono wachimbaji, Melanoides tuberculata, waliingizwa kumi na tano hivi. Hushinda mchangani na kutoka usiku. Wanasaidia, mradi samaki hawalishwi kupita kiasi. Wakionekana mamia kwa mamia kiooni, chakula kimezidi.

Usafi wa mchanga sasa ni wa juujuu. Mpira hupitishwa sentimita 2 juu ya mchanga kuvuta uchafu uliokaa, na sehemu zisizo na mimea hukwaruzwa kwa kidole hadi sentimita 2 kabla ya kubadilisha maji. Karibu na mizizi hapachimbwi. Vallisneria hupunguzwa miche inayovuka mstari: hukatwa kitawi kinachoiunganisha na mama kwanza, kisha hung'olewa, la sivyo unavuta familia nzima na vidonge vinafuata.

Vidonge vipya huwekwa kwa kutazama, si kwa kalenda ya kwenye pakiti inayosema miezi mitatu. Kwenye tangi hili dalili ni jani la Echinodorus: likitoka jembamba kuliko lililotangulia, au likakaa zaidi ya siku kumi bila kufunguka, vidonge vya mmea huo vimekwisha, hata kama vya Cryptocoryne bado vipo.